Ulimi wa Mkanda

Mama mwenzangu, kama mume wako ana kamera ya zamani, ile ya mkanda, soma hii mpaka mwisho kabla hujafungua bahasha isiyo na jina lako. Yaliyompata Kiden wa Gudele, hapa Juba, yanaweza kukupata na wewe, ukiwa umekaa zako unachambua mboga.

Kiden aliolewa na Laku, na Laku alikuwa mpiga picha. Kazi ya kula aliifanya kwa kamera ya kisasa: harusi, ubatizo, watoto waliomaliza shule. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kamera nyingine, nzito kama nusu tofali, aliyoachiwa na baba yake ambaye kule ukimbizini Uganda aliwapiga watu picha za vitambulisho. Kwa kamera hiyo alipiga mambo ambayo Kiden hakuona maana yake. Fundi anaziba pancha. Mbwa amelala chini ya raksha, zile pikipiki za magurudumu matatu. Mtu amebeba godoro kichwani, haoni mbele. Na nyumbani vilevile: Robinson mdogo akiogeshwa kwenye beseni, Keji akisukwa, Kiden mwenyewe akiwa na sufuria na uso wa hasira, na mara mojamoja Laku kitini, Keji akimpiga.

"Baba Keji, hizi nani atanunua?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa usisogee, mwanga umekaa vizuri."

Mkanda wenyewe haukuwa mtu wa haraka. Laku hakumjua yeyote Juba wa kuusafisha, kwa hiyo ulipanda basi mpaka Kampala kupitia kwa Nakato, mama wa Kiganda aliyepokea na kutuma mizigo pale mtaa wa Hai Jalaba, na ulirudi ulipotaka. Laku alikuwa na taratibu zake. Mkanda ukiisha aliurudisha ndani ya kikopo chake, lakini ile ncha nyembamba inayoitwa ulimi aliiacha nje, maana fundi wa Kampala alipenda kuushikia hapo. Pembe ya ulimi aliikunja. Kisha kikopo kikaenda kwenye kikombe juu ya kabati, pamoja na vingine, vilivyojaa na vipya. Kwa nini anakunja, Kiden hakuuliza. Yeye vya kwenye kikombe alivifuta vumbi tu na kuvipanga.

Kulikuwa na mkanda mmoja wa nyumbani, wa kabla ya Krismasi, uliopotea kabisa. Walitafuta mpaka chini ya kitanda. Robinson akasingiziwa kuutupa chooni, akalia, mambo yakaisha.

Basi, mvua zikiwa zimeshaanza, Nakato akapiga simu kwamba bahasha ya Laku imefika. Laku alikuwa Nimule kwenye harusi, simu haipatikani. Kiden akaenda kuichukua mwenyewe.

"Fundi anasema mkanda ulivurugika," Nakato akamwambia. "Picha zote zimeharibika. Ametoa moja tu, anasema hiyo imetoka ya ajabu."

"Mkanda upi?"

"Ule alioniletea mwezi wa pili. Wewe ulikuwa Adjumani kwa dada yako."

Kiden akaifungua pale pale, amesimama katikati ya magunia. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya makosa.

Laku alikuwa amekaa kwenye kiti chao cha nyumbani, amecheka kile kicheko chake cha upande mmoja. Nyuma yake lilikuwa pazia la maua mekundu, lile ambalo Kiden alilinunua Arua na kulishona pindo kwa mkono wake. Na begani kwa Laku ameegemea mwanamke. Kijana, shingo ndefu, mtoto mchanga mapajani, ametulia kama mtu aliye kwake. Mkono wa mtoto ulikuwa umeingia ndani ya kiganja cha Laku. Shavuni mwa yule mwanamke kulikuwa na alama nyekundu, kama ua. Na juu ya kichwa cha Laku, hewani tu, herufi tatu: JUD.

Kiden akaigeuza, nyuma nyeupe. Akaigeuza tena. Walikuwa bado wapo.

Hakumbuki alivyofika Gudele. Anakumbuka kwamba Nuwa, jirani Mganda anayekaanga chapati mbele ya geti, alimwangalia usoni akanyoosha mkono mwenyewe, mkono una unga.

"Lete nione. Eh! Mama Keji. Hii pazia si iko yako?"

"Ni yangu."

"Na mwanamke?"

"Simjui."

"Wewe hapana jua, lakini yeye iko najua kitanda yako iko wapi." Nuwa akashusha sauti, ingawa wateja wote walikuwa wamenyamaza wasikie. "Mimi dada yangu kule Mbale, bwana yake alianza hivyo hivyo. Kwanza picha. Pole pole mtoto. Hapa mtoto amekuja na picha siku moja!"

"Lakini Nuwa, angalia shati."

Shati ndilo lililomchanganya kuliko vyote. Lilikuwa la mistari ya kijani. Shati hilo Kiden aliliunguza kwa pasi ya mkaa asubuhi ya Krismasi, shimo kubwa mgongoni, na tangu siku hiyo lilikuwa tambara la kupangusia sakafu. Mwezi wa pili, yeye akiwa Adjumani, shati lilikwisha kufa zamani. Sasa Laku amelivaaje?

"Amenunuliwa lingine," Nuwa akasema. "Na huyo huyo. Mwanamke anajua saizi ya mwanaume wako, kalas, imeisha. Ile kamera ya zamani iko wapi?"

"Imening'inia ndani."

"Basi huyo mwanamke anaweza kuwa bado iko ndani."

Neno hilo likamwingia Kiden kama moshi machoni. Akaitoa kamera kwenye msumari, akaenda nayo uani kwenye jua ili aone vizuri. Hakujua inafunguliwaje, akabonyeza kila kinachobonyezeka mpaka mgongo wake ukaruka kama kifuniko cha sufuria. Mkanda ulikuwa umejiviringisha ndani, unang'aa. Akaushika, akavuta. Alitegemea kuona sura. Hakuona sura wala kivuli, utepe tu wa rangi ya chai ya maziwa. Akavuta tena.

"Ameficha!" akasema. "Ona, ameficha!"

Keji, binti yake mkubwa, ndiyo kwanza anaingia getini na jeri la maji. Jeri likaanguka.

"Mama! Funga, mwanga unafuta! Haboba yuko ndani!"

Haboba ni bibi, mama yake Laku. Alikuja kwao Pasaka, akakaa wiki nzima amevaa gauni la kanisani ili mwanawe ampige picha za kutosha. Wakamzika kabla ya mvua. Zimebaki picha chache mkanda uishe, Laku alisema, hataki kuzimaliza kwa upuuzi.

Keji alimpokonya kamera akaifunga kwa kifua chake. Kiden akabaki amesimama, vidole vimenyooka, kama mtu aliyemwaga kitu na hajui amemwaga nini. Angetaka kuomba radhi. Lakini yule mwanamke wa shingo ndefu alikuwa bado anamwangalia kutoka kwenye bahasha, na hasira ikapata pa kukalia.

"Pangeni nguo," akasema. "Kesho tunapanda basi la Adjumani. Nyumba hii ina wenyewe wengine."

Asubuhi mabegi yakawa mlangoni, Robinson amevalishwa viatu. Kiden akachukua tambara kufuta sakafu mara ya mwisho, maana hakutaka mwanamke mwingine aseme amekuta uchafu. Akalikamua. Akaliangalia. Akaleta picha, akaviweka pamoja.

Kifungo cha pili kilikuwa cheupe. Vingine vyote kijani, hicho cheupe, kwa sababu yeye mwenyewe alikosa cha kijani akashona cheupe. Kwenye picha pia, cha pili, cheupe.

Akakaa chini kwenye maji. Kama shati ni hili, basi ni kabla ya Krismasi. Kabla ya Krismasi yeye alikuwa nyumbani, hakulala nje hata usiku mmoja. Huyu mwanamke alikaa na mtoto sebuleni, yeye yuko wapi? Jikoni? Alimpikia?

"Keji, baki na mdogo wako. Msifungue geti kwa mtu."

"Na basi, mama?"

"Basi lisubiri."

Alichokuwa nacho ni zile herufi tatu. Akamwendea Nakato. Nakato akafikiri kidogo, akamwonyesha kwa kidevu: kona ya pili, Jude, kijana anayetengeneza simu. Na mbele ya kibanda cha Jude, jina lake limeandikwa juu, kwenye stuli fupi, birika kwenye mkaa na mtoto mapajani, alikuwa amekaa mwanamke wa shingo ndefu. Shavu lake lilikuwa safi. Hakukuwa na ua wala kovu.

Kiden alikuwa amepanga maneno makali njia nzima. Yote yakamkimbia kwa ajili ya shavu.

"Wewe unamjua Laku?"

"Laku wa kamera?" Mwanamke akacheka. Alikuwa Suzan, amekulia kambini Kenya, na Kiswahili chake kilitoka huko. "Si ndiye hunikalia hapa tangu asubuhi na kikombe kimoja cha chai! Anakaa hadi watu wanasahau yuko. Hapo ndipo anapiga. Wewe ni nani wake?"

"Mke wake. Ulikuja kwangu Gudele lini?"

"Gudele? Mimi? Mama, hata nikitupwa huko siwezi kujua njia ya kurudi."

"Sasa hii ni nini?"

Suzan akapangusa mikono, akaishika picha kwa ncha za vidole. Macho yakamtoka.

"Ai! Mtoto wangu! Ona vile ametoka! Wee Jude, kuja uone!" Halafu akakunja uso. "Lakini nani ameniwekea pazia? Na huyu mzee ako kwa bega yangu anatafuta nini? Mimi nilikuwa nimeegemea hii." Akajirudisha nyuma akaegemea nguzo ya kibanda, kichwa kikainama, na hapo Kiden akaona: ndivyo hivyo, shingo ile ile, mkao ule ule. Mahali pa Laku palikuwa na nguzo.

Jude akatoka na bisibisi nyuma ya sikio. Akaitazama picha, akamtazama Suzan, akasema polepole, "Dada, sasa mimi nishike upande gani?"

"Shika mdomo wako," Suzan akamjibu.

Ndani ya bahasha mlikuwa bado na mkanda wenyewe, umekatwa vipande, ambao Kiden hakuugusa kwa kuwa ulionekana kama takataka. Jude akawasha simu mpaka kioo kikawa cheupe tupu, akaulaza mkanda juu yake, na kwa simu nyingine akageuza weusi kuwa weupe. Wote watatu wakainama.

Robinson alikuwa anaogeshwa, na beseni lake limejaa viatu vya kuuza. Keji anasukwa, pikipiki inamtokea sikioni. Kiden akajiona mwenyewe na sufuria, uso wa hasira, raksha inampita tumboni na abiria wawili wamekaa humo wanaongea. Kila kipande kilikuwa hivyo. Nyumba yake yote ilikuwa imemwagwa Hai Jalaba, na ua la pazia shavuni mwa Suzan.

"Mkanda umeingia kwenye kamera mara mbili," Jude akasema. "Sijui imekuwaje. Mtu alidhani ni mpya."

Kidole gumba cha Kiden kilikuwa kimeshakumbuka. Kabla ya safari ya Adjumani, akifuta vumbi kwenye kabati, alikuta kikopo kimoja ulimi wake umekunjwa pembe. Akadhani Robinson ameutafuna. Kwa huruma akaunyoosha kwa ukucha, akaulaza chini ya Biblia usiku kucha, ukaamka umenyooka kama kola ya shule. Akaurudisha kwenye kikombe, akajisifu.

Kukunja ndiko kulikuwa neno la Laku la kusema *umejaa*. Na yeye alilifuta.

"Mama," Suzan akaanza, sasa kwa adabu, "hii picha unaenda nayo? Mtoto wangu hajawahi kupigwa nyingine."

Kiden akaitazama tena. Hata sasa, akijua, ilimchoma. Akampa.

Laku aliporudi jioni alikuta mabegi mlangoni na mke wake amekalia moja. Kiden akamweleza yote, kuanzia pazia mpaka uani. Laku hakupiga kelele, na Kiden angependa apige.

"Ulivuta mpaka wapi?"

Akamwonyesha kwa mkono wake, kutoka kidole mpaka begani.

"Malesh, nisamehe, Baba Keji."

Laku akajifunika blanketi na kamera, akasema Kiden akanyage pindo ili mwanga usipite. Akasikia kikikiri, kikikiri, mkanda ukirudi kwenye kikopo. Akatoka ana jasho. Akaukunja ulimi pembe, akamwonyesha mke wake mkunjo huo karibu kabisa na macho, kama mtu anavyomwonyesha mtoto herufi. Labda za katikati zimepona, alisema. Labda. Nakato akaupandisha basi.

Suzan ameibandika picha kwenye sanduku lake la vikombe. Wateja wakimuuliza kama huyo ndiye bwana wake, anasema, "Muulizeni mke wake." Na wanauliza. Wiki jana mama mchungaji alimshika Kiden mkono nje ya kanisa, akamwambia kwa upole kwamba wanamwombea. Kiden alianza kueleza habari ya ulimi na Biblia, akaona jinsi inavyosikika, akaacha katikati.

Leo bahasha nyingine imefika kutoka Kampala. Iko mezani, ina jina la Laku, na Laku yuko Hai Jalaba na kikombe chake kimoja cha chai. Keji amekaa upande wa pili, kidevu mezani.

"Mama, fungua tu. Tumwone haboba."

"Au tusimwone."

"Fungua kidogo."

Bahasha ni nyembamba. Labda nyembamba ni mbaya, labda hata picha mbili ni nyembamba hivyo. Kiden haelewi. Ameichukua mikono yake yote miwili, ameiweka chini ya mapaja, amekalia.