Wanaume Arobaini na Watatu katika Baa ya Canio

Donata alipanga viti kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu wanaume wakabaki bila pa kukaa. Alikuwa ameichora baa ya Canio kwenye karatasi ya miraba: kaunta upande wa kushoto, meza sita, viti ishirini na viwili, televisheni juu ya rafu ukutani kule nyuma, mlango mmoja mbele. Kisha akaanza kuandika majina, kila mtu pale aliposema mwenyewe kwamba alikaa. Meza iliyo karibu na televisheni peke yake ilipata watu tisa. Kiti kimoja kilidaiwa na watu watatu, na wawili kati yao walikuwa hawajasalimiana tangu mwaka 1985.

Kazi hii alipewa na halmashauri. Yeye ndiye mkutubi wa Montesorbo, na Novemba hiyo ya mwaka 2010 ilitimia miaka thelathini tangu tetemeko la ardhi liipige milima ya Irpinia, Jumapili, saa moja na dakika thelathini na nne jioni. Halmashauri ilitaka kijitabu chenye picha za zamani na swali moja kwa kila aliyenusurika: ulikuwa wapi?

Wanawake walijibu bila kupoteza muda. Mmoja alikuwa anamwosha mtoto, mwingine alikuwa ametoka kumfokea mbwa, wa tatu alikuwa chooni na akasema iandikwe hivyo hivyo. Wanaume walikuwa habari nyingine. Wanaume arobaini na watatu, mmoja baada ya mwingine, walivua kofia, wakaketi mbele ya meza yake maktabani na kusema walikuwa baani kwa Canio wakitazama mechi ya Juventus na Inter. Wakaongeza kwamba baa ile ndiyo iliyowaokoa, maana laiti wangekuwa nyumbani wangekufa. Kwa ajili hiyo halmashauri ilikuwa imeshachonga kibao cha marumaru kumshukuru Canio, ambaye bado yu hai, ana miaka themanini na miwili na sikio moja linalosikia.

Mtu mwingine angecheka na kuyaandika yalivyo. Donata hakuweza, kwa sababu katika hadithi za wanaume wale mlikuwa na wa arobaini na nne, naye alikuwa Vito, baba yake.

Wote walimkumbuka. Vito aliondoka, walisema. Aliinuka katikati ya mechi, hakuaga mtu, akapanda kichochoro cha Waokaji. Vito, ambaye siku ya ubatizo wa Donata alisimama kanisani na redio mfukoni ili asikose matokeo. Walipofukua kifusi siku ya tatu walimkuta kwa mjane Filippa, chini ya vyombo vya Filippa, na Filippa mwenyewe hatua mbili kutoka kwake. Hakuna aliyesema neno mbele ya mkewe. Hawakuwa na haja ya kusema, maana walinyamaza kwa namna ambayo hata mtoto wa miaka kumi na miwili aliielewa, na mtoto huyo alikuwa Donata.

Mama yake, Gerarda, alivaa nguo nyeusi mwaka mmoja kamili, kama inavyotakiwa, kisha akaivua na jina la mumewe akalivua pamoja nayo. Miaka yote hiyo alimwita "baba yako." Sasa, akiwa na miaka sabini na moja na mapigo ya moyo yanayomchezea, alikuwa ameamua kwamba akifa azikwe katika kaburi la kaka zake, si kando ya mume. Karatasi ya makaburini ilikuwa mezani jikoni kwake, ikingoja Jumatatu asaini. Donata alikuwa amembembeleza mpaka akachoka. Hakuwa na hoja, kwa kuwa hata yeye hakujua baba yake alifuata nini kule juu.

Basi alirudi kwenye karatasi ya miraba na kufanya kile ambacho watu wa maktaba hufanya wakikwama. Alisoma upya majibu yote tangu la kwanza. Kwenye jibu la kumi na tano alisimama, akarudi nyuma, akachukua kalamu nyekundu. Mwezi. Watu thelathini na mmoja kati ya wale arobaini na watatu waliutaja mwezi. Ulikuwa mkubwa, walisema, mwekundu kidogo, na hewa ilikuwa na joto lisilo la Novemba. Wengine walisema mwezi uliruka mara ardhi ilipoanza kuunguruma.

Siku iliyofuata alikwenda kunyolewa, yaani alikwenda kukaa kwenye kiti cha wateja wanaongoja zamu kwa Liberato kinyozi, bila kunyolewa. Liberato ndiye msemaji mkuu wa jambo hili. Alihojiwa na magazeti mwaka ule ule, na tangu hapo hajanyamaza.

"Mzee Liberato, wewe ulikaa wapi?"

"Chini ya televisheni. Nilikuwa naona hata jasho la kipa."

"Na mwezi uliuona?"

"Mwezi? Binti, mwezi ule hautatoka machoni mwangu. Ulikuwa pale juu ya mnara wa kanisa, umevimba hivi."

"Ulikuwa umekaa chini ya televisheni, ukutani kule nyuma, umeupa mlango mgongo. Baa haikuwa na dirisha. Mwezi uliuona kwa kisogo?"

Liberato aliacha wembe hewani. Mteja aliyekuwa na povu shavuni akafungua jicho moja. Kinyozi alianza kueleza kwamba labda alikuwa ametoka kidogo kuvuta sigara, kisha akakumbuka kwamba yeye hakuwahi kuvuta sigara, kisha akamaliza kumnyoa yule mtu bila kusema kitu, jambo ambalo Montesorbo haikuwahi kulishuhudia. Donata alipofika mlangoni, kinyozi alimwita.

"Nilikuwa nimesimama," alisema polepole, akijishangaa. "Miguu ilikuwa inauma. Kwa nini nilikuwa nimesimama?"

Donata alitembea nyumba kwa nyumba na swali la mwezi. Wengine walikasirika. Mmoja alimuuliza kama halmashauri inamlipa ili kuwaita wazee waongo. Lakini wengi walifanya kama Liberato: waliangalia sakafu, wakarudi nyuma ndani ya vichwa vyao, na wakakuta kitu ambacho hawakukiweka wao. Walikuwa nje, uwanjani mbele ya kanisa. Walikuwa wanalalamika. Kuhusu nini, hawakujua. Alipowauliza nani alifunga bao, alipata wafungaji sita tofauti, akiwemo mmoja aliyekuwa amestaafu mpira kabla ya Donata kuzaliwa. Ilimjia akilini kwamba watu hawa hawakutazama mechi yoyote. Paa la baa lilianguka lote ndani usiku ule, na mlango wake ulikuwa wa kupita mtu mmoja mmoja. Kama wangekuwa ndani, angekuwa anakusanya majibu ya wajane tu.

Jumamosi alikwenda kwa Canio.

Mzee alikuwa anaishi kwa bintiye, katika zile nyumba mpya za bondeni ambazo baada ya miaka thelathini bado zinaitwa mpya. Alikuwa ameketi kando ya jiko, blanketi magotini. Donata alisogeza kiti upande wa sikio linalosikia, akamwekea ile karatasi ya miraba mapajani. Hakumuuliza chochote. Canio aliitazama muda mrefu, akahesabu viti kwa kidole, na alipofika ishirini na viwili akaacha.

"Hukuchora waya," alisema. "Televisheni ile ilikuwa na waya unaopita juu ya mlango. Mchana ule ilitoa moshi, ikafa."

Bintiye Canio aliingia na kahawa, akaona uso wa baba yake, akatoka nayo tena.

Canio alieleza kwa vipande. Wanaume walianza kufika saa kumi na mbili na nusu, na televisheni haiwaki. Chini kwenye barabara kuu palikuwa na baa nyingine, yenye televisheni ya rangi, na Canio alijua kwamba wakishuka huko Jumapili moja watashuka Jumapili zote. Akawaambia fundi yuko njiani, wasubiri nje kwenye hewa nzuri, picha inarudi sasa hivi. Akawagawia divai ya bure ili wasiondoke. Fundi hakuwepo. Alichokuwa nacho ni Vito.

"Nilimvuta nyuma ya kaunta. Filippa alikuwa na televisheni mpya, wanawe walimletea kutoka Uswisi, bado ina plastiki. Lakini Filippa hakuwa mtu wa kumfungulia kila mtu mlango. Baba yako ndiye aliyekuwa akimsomea barua za wanawe na kumwandikia majibu, maana yeye hakujua kusoma. Nikamwambia, wewe atakusikiliza. Nenda ukaniazimie, pitia kichochoroni wasikuone, uingilie mlango wa nyuma. Sikutaka ijulikane kwamba Canio anaomba televisheni kwa mjane."

"Alikataa?"

"Alicheka. Alisema nimwekee nafasi."

Jiko lilikuwa linaunguruma taratibu. Donata alitaka kumpiga mzee huyu, alilihisi jambo hilo mikononi kabisa, na papo hapo alikuwa akiwaona watu arobaini na watatu wamesimama uwanjani chini ya mwezi, mbali na kuta, na glasi za bure mkononi, wakimlaani fundi ambaye haji. Walikuwa hai kwa sababu walikuwa wanasubiri. Na bila kujua, waliyekuwa wakimsubiri ni baba yake.

"Miaka thelathini," alisema. "Mama yangu alipita mbele ya ile baa yako ya mabati ya baada ya tetemeko kila siku."

"Alikuja mara moja. Tulikuwa bado kwenye mahema. Akaniuliza, Canio, alikwenda mwenyewe au kuna mtu alimwita? Nikasema alikwenda mwenyewe." Alijifuta pua na blanketi. "Niliogopa kuambiwa neno moja tu: wewe ndiye uliyemtuma. Kisha yule kinyozi akawaambia watu wa magazeti kwamba tulikuwa ndani tunatazama mpira, na wengine wakaingia nyuma yake mmoja mmoja. Mimi nilikaa kimya nikawaachia mlango wazi. Kama televisheni ilikuwa inawaka, hakuna wa kuuliza nani alitumwa kutafuta nyingine. Hicho kibao chao wakakitupe mtoni. Mwambie mama yako nimesema hivyo."

"Utamwambia wewe," Donata alisema. Lakini mzee hakuwa na miguu ya kupanda mlima, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa, kwa hiyo alikwenda yeye.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Gerarda alikuwa amekaa mezani na beseni la njugu za kuchoma, zile kubwa za miti ya msitu wa juu, akizichanja maganda moja moja kwa kisu kidogo kabla ya kuziweka motoni, ambako za kwanza zilikuwa zimeshaanza kuiva. Karatasi ya makaburini ilikuwa pale pale, juu yake kalamu. Donata alikaa mkabala naye na kumwambia yote kwa mpangilio: moshi, fundi asiyekuwepo, divai ya bure, barua za Uswisi, kichochoro, mlango wa nyuma. Alieleza bila kupamba, kama anavyosoma orodha ya vitabu, kwa sababu alijua akipamba atalia na mama yake hapendi watu wanaolilia mezani.

Kisu hakikusimama hata mara moja. Njugu ziliendelea kudondoka kwenye beseni la pili.

"Ulisema alimkuta Filippa nyumbani?"

"Walikuwa wanatoka, mama. Filippa alikuwa ameshika mlango. Nimesoma maandishi ya askari waliomfukua, yamo maktabani siku zote hizi na sikuyaelewa. Wameandika kwamba mwanamume alikutwa na televisheni juu ya kifua, mikono yote miwili imeizunguka. Watu wakadhani ilimwangukia kutoka kabatini. Alikuwa ameibeba."

Gerarda alikata njugu moja zaidi. Kisha akaweka kisu chini, polepole, akaisogeza karatasi ya makaburini ili apate pa kuegemeza viwiko. Uso wake ulibadilika, na Donata alijiandaa kwa machozi. Alikuwa ameyasubiri machozi hayo tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Lakini mama yake alikuwa amekasirika. Alikuwa amekasirika sana, rangi ikampanda mashavuni, na hakuwa anamtazama binti yake wala Canio aliye mbali bondeni, bali kiti kitupu cha upande wa dirishani.

"Ameibeba peke yake?"

"Peke yake."

"Televisheni za wakati ule? Zina uzito wa ndama." Alipiga meza kwa kiganja, njugu zikaruka. "Na mgongo ule? Wiki mbili nzima nilikuwa namkanda kwa mafuta ya kafuri usiku na mchana, hawezi hata kufunga viatu, mimi ndiye ninayemfungia. Daktari kamwambia asinyanyue hata ndoo. Nikamwambia, Vito, usinyanyue kitu. Asubuhi ile ile nimemwambia, niko hapa hapa nakoroga mchuzi, nikamwambia, Vito, unanisikia? Akasema nakusikia, Gerarda. Nakusikia. Kisha anakwenda kubeba televisheni ya watu, kichochoroni, gizani, na wanaume arobaini wamesimama uwanjani wananywa. Hakuweza kumwita hata mmoja amshikie upande mmoja? Hata mmoja, Vito?"

Aliendelea hivyo mpaka njugu za motoni zikaanza kuungua, na Donata hakuinuka kuzitoa.