Dumu la Lita Tano

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye sinki, mama mshonaji aliosha vikombe. Zamani vilikuwa viwili. Sasa kilikuwa kimoja, ila alikiosha kwa muda uleule, akikigeuzageuza kana kwamba mwenzake atatokea. Alibinya kichupa cha sabuni kidogo tu, tone likadondoka, kazi ikaendelea. Asubuhi hiyo alibinya, na kichupa kikatoa pumzi tupu. Akabinya tena. Pumzi.

Akavuta kiti akakaa, maji ya bomba yakiendelea kumwagika.

Kichupa hicho kilikuwa cha mwisho kujazwa na mumewe. Marehemu alikuwa mgawa dawa wa zahanati kwa miaka thelathini, na mkono wake ulishazoea: hakuna kitu kikubwa kilichoingia nyumbani kwake kikabaki kikubwa. Mafuta, siki, sabuni, vyote alivigawa kwenye vichupa vya mkono mmoja hata kabla hajavua viatu, akavibandika vikaratasi kwa mwandiko usiosomeka. Mkewe alimtania, "Hii ni siki, au ni kutwa mara tatu?" Naye alijibu kwamba inategemea mgonjwa. Sabuni hiyo ya mwisho mama aliibania wiki tano, akiizimua kwa maji siku hadi siku, mpaka ikawa maji yanayonukia ndimu kwa mbali.

Wiki tano hizo alikuwa pia na jambo limemkaa kooni, ambalo hakumwambia mtu, hata binti yake wa pekee. Binti ni muuguzi. Moyo wa baba ulipoanza kumsumbua, alimkalisha chini akamwapisha asinyanyue kitu kizito, na baba akaapa. Kisha, adhuhuri moja ya jua kali, akaanguka kando ya barabara na dumu la sabuni mkononi. Dumu likapasuka. Watu waliommwagia maji kumpoza ndio waliozidisha mapovu, mpaka yakaziba njia nzima, na wakamwinua kutoka humo akiwa ameshakata roho.

Tangu siku hiyo binti hakulia. Alikasirika. "Aliniapia kwa mdomo wake," alisema kila alipokuja. "Halafu akanidanganya." Na mama alinyamaza. Alinyamaza msibani, akanyamaza wageni walipoondoka, na kadiri alivyonyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuanza.

Alifunga bomba, akachukua mkoba, akaenda dukani.

Kwenye rafu ya sabuni hakukuwa na hata chupa moja ndogo. Yalikuwepo madumu tu ya lita tano, yamejipanga kama walinzi, kifuniko kipana kama kisosi, kishikio kinene kisichoenea kwenye kiganja.

"Ndogo ziko wapi, mwanangu?"

"Hazitengenezwi tena, mama," alisema dada wa duka. "Eti kubwa ndiyo nafuu. Hata karatasi za chooni siku hizi zinakuja ishirini na nne kwa mpigo. Juzi baba mmoja kaniuliza, kwani mimi naonekana naumwa tumbo?" Akacheka, kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamwishia. "Samahani. Wewe ndiye mke wa yule mzee wa zahanati."

"Ndimi."

"Pole sana, mama. Alipita hapa siku ile. Alitaka kulirudisha dumu, lakini alikuwa ameshalifungua na kupunguza sabuni. Nisingeweza kulipokea. Nikamwambia aliache, mkokoteni ukirudi umpelekee, kama ulivyompelekea asubuhi. Akakataa. Akasema anakwenda nalo mpaka duka la ng'ambo, huenda wakambadilishia." Dada alipangusa kaunta iliyokuwa safi. "Jasho linamtiririka, lakini anatania. Eti dumu limekosana na bosi wake wa nyumbani."

Mama alishika ukingo wa rafu. Habari za duka la ng'ambo hakuwa nazo. Siku zote alidhani mumewe alianguka akiwa njiani kurudi nyumbani.

"Nikuitie mkokoteni?"

"Hapana. Nitalibeba mwenyewe."

Alitaka kujua lilikuwa na uzito gani.

Kishikio kilimshinda hatua ya kwanza tu. Miaka arobaini ya kushona sare za shule ilikuwa imevivimbisha viungo vya vidole, na hata mkasi sasa ulimtoka. Akalikumbatia dumu kifuani. Kila baada ya nyumba mbili alilitua, akapumua, akalinyanyua tena. Kwenye kona waashi walikuwa wanapumzika, na mmoja akapaza sauti, "Hongera, bibi. Wa kike au wa kiume?" Wenzake wakacheka. Mama naye akatabasamu kwa adabu, kwa vile kijana hakuwa na ubaya, akasonga mbele huku machozi yakimdondokea juu ya kifuniko.

Nyumba yao iko ghorofa ya tatu. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili mikono iligoma. Akaliteremsha dumu taratibu, akakaa kando yake.

Hapo ndipo binti alipomkuta, akitoka zamu, bado na sare yake.

"Mama. Hii ni nini?"

"Sabuni."

"Kwamba ni sabuni naona." Binti alikaa ngazi ya chini yake, akamshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. "Nyie wawili mna nini na madumu haya? Mmoja nimemkataza, akaniapia, akaenda kujiua na sabuni ya vyombo. Na wewe unafuata. Mnanifanya mimi mjinga, basi. Baba alinifanya mjinga."

"Usimseme baba yako."

"Nimseme nani, sasa?"

"Mimi."

Mapigo yalikimbia chini ya vidole vya binti, naye akayasikia.

"Asubuhi ile dumu lililetwa na mkokoteni," alisema mama. "Baba yako hakuligusa njiani. Kiapo chako alikishika. Mimi ndiye niliyelikataa. Nilimwambia alirudishe saa hiyohiyo. Akasema jua kali, tungoje jioni. Nikamwambia kama analipenda sana, akaishi nalo huko huko dukani. Akavaa kofia yake akatoka."

Binti aliachia mkono. Chini kabisa mtu alifungua mlango wa nje, akaufunga.

"Wiki tano," binti alisema. "Wiki tano umeniacha namchukia, mama. Hata kaburini sijaenda tena." Sauti ilimkatika. Akajiinamia magotini, na kilio kilichokataa kuja msibani kikamjia pale kwenye ngazi, kikimtikisa mabega. Mama alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, akauweka mgongoni mwa mwanawe. Binti hakuutoa.

Baada ya muda mrefu akajifuta uso kwa mkono wa sare.

"Dumu lilikukosea nini? Niambie. Lilikukosea nini mpaka umtume kwenye jua lile?"

"Halikuenea chini ya sinki."

"Mama."

"Lilikuwa baya. Linatisha jikoni."

"Mama, tafadhali."

Mama alitazama mikono yake, aliyokuwa ameilaza mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Alipokuwa anavua viatu nilijaribu kulinyanyua kwa kishikio," alisema. "Kikanitoka. Nikajaribu kifuniko, vidole vikakataa. Wala si siku ile tu. Tangu mwaka jana cherehani nilikuwa naifunika kwa kitambaa, namwambia wateja wamepungua. Sikutaka ajue. Nilimwambia halipendezi, nilimwambia yeye hana akili, nikasema kila neno isipokuwa hilo." Akavuta pumzi. "Nilitaka kumwambia kwamba siwezi. Mikono yangu haiwezi tena, naogopa, anisaidie. Ni hayo tu niliyotaka kumwambia."