Barua Tumboni mwa Mkurugenzi

Jumatatu saa tatu asubuhi Fundi alikuwa kwenye chumba cha baridi cha taasisi ya utafiti wa bahari, amevaa sweta la mkewe, anakata kwa msumeno bomba la tope lililotolewa mita mia mbili chini ya sakafu ya bahari. Alikata kwa mikono mitupu. Glavu ziliisha mwezi wa tatu, na ombi la glavu lilikuwa juu kwa Mkurugenzi, pamoja na ombi la barua ya ajira ya kudumu, aliyoisubiri miaka kumi na tisa. Ijumaa angestaafu. Bila barua, angeondoka kama kibarua wa jana.

Mtafiti, dada mmoja asiye na makuu, aliwahi kumweleza habari za tope lile. Kule chini chakula hakifiki, hivyo vijidudu hukaa miaka elfu bila kufanya lolote la maana. Kirusi humwingia mmoja, hujikalia humo kimya, siku moja humpasua. Yanayomwagika huliwa na majirani. Pasingekuwa na virusi, wengi wangekufa njaa. Fundi alisema hilo halihitaji darubini, mtu apande tu ghorofa ya pili.

Saa nne akapanda mwenyewe, bila kunawa tope. Mkurugenzi akampa mkono kama kila Jumatatu, akamwambia suala lake linashughulikiwa, akapasuka.

Sauti haikuwa kubwa. Zilimwagika semina, safari, funguo za gari la ofisi, na maombi ya wafanyakazi yasiyosomwa. Wakuu wa idara wakaja na sahani, maana saa ya chai ilikuwa imekaribia. Katika lundo lile Fundi aliiona barua yake, imesainiwa miaka kumi na saba iliyopita. Kabla hajainama, Afisa Utumishi alishaitia mdomoni.

“Mama, hiyo yangu.”

“Ungesema mapema, baba,” alijibu akitafuna. “Kipande cha muhuri kimebaki. Chukua.”

“Nikifanyie nini?”

“Ukumbusho.”

Kufikia Alhamisi Mhasibu, aliyekula kuliko wote, alikuwa amenenepa kiasi cha kukienea kiti cha Mkurugenzi. Akamwita Fundi, akampa pole, akamshauri aandike ombi upya ili mambo yafuate utaratibu. Fundi akaandika pale pale, akabandika na kile kipande cha muhuri. Mkurugenzi mpya akalipokea kwa mikono miwili, akalisoma mpaka mwisho, akalitafuna.

Fundi akamsogezea glasi ya maji, akampa mkono, tope na yote, akashuka kumalizia bomba.