Mkono wa Feza na Chumvi Nyeupe

Kindu nzima, hakuna aliyeita harusi harusi mpaka Feza ametia chumvi chunguni. Alifika nyama ikiwa imeshachemka, akanawa, akatia konzi tatu za chumvi yake ya mto, akafunika chungu, akaenda zake bila kuonja. Wapishi wengine huonja. Feza hakuonja. Miaka ishirini na miwili mkono wake haukukosea hata siku moja, na watu wa mtaa wa Kasuku walipotaka kuthibitisha neno walisema, "Kweli kama mkono wa Feza."

Chumvi hiyo aliitengeneza mwenyewe. Kila kiangazi yeye na Mwanahamisi, jirani yake na mwenzake wa kazi, walipiga kasia mpaka kwenye visiwa vya mto Lualaba, wakakata magugu ya mtoni, wakayaanika, wakayachoma. Majivu waliyajaza katika kikapu kilichochongoka chini, wakayamwagia maji polepole, na yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya kutu. Maji hayo waliyachemsha kutwa nzima mpaka ikabaki chumvi ya kijivu, ngumu, yenye uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi. Moshi uliwafanya wawe na macho mekundu mwaka mzima. Hawakuyaonea haya. Mtu akiwatazama tu alijua hawa ni akina nani.

Halafu ikaja chumvi nyeupe. Vita vya Wazungu na Waarabu vilikuwa vimekwisha miaka mitatu kabla, na mitumbwi ikaanza kupanda kutoka Kisangani na magunia. Chumvi hiyo ilikuwa laini kama unga na haikunuka moshi. Gunia moja lilishinda kazi yao ya kiangazi kizima.

Harusi ya kwanza iliyopikwa kwa chumvi hiyo, Feza alikuwa visiwani. Wapishi walitia konzi tatu, maana konzi tatu ndicho kipimo walichokiona maisha yao yote. Wageni walitema. Wale wenye adabu walimeza, kisha wakakimbilia mtoni na vibuyu. Kesho yake mji wote ulikuwa na neno moja: chumvi nyeupe imelogwa. Watu wakarudi kununua ya kijivu, na Mwanahamisi akawa anaimba akichochea moto.

Mambo yalikuwa hivyo Halima, binti pekee wa Feza, alipoposwa na Abedi. Baba yake Abedi alikuwa Bulaimu, na mitumbwi ile ya chumvi ilikuwa ya Bulaimu.

Asubuhi ya harusi Bulaimu alikuja mwenyewe na gunia begani. Akalitua mbele ya chungu cha nyama ya mbuzi, wanawake wote wakitazama.

"Mama Halima," alisema, "watu wanasema ninauza uchawi. Leo nimekuja kumwoza mwanangu kwako. Tia hii. Mukono wako ukisema ni mbaya, basi ni mbaya, nitaimwaga mtoni na sitaileta tena Kindu. Sitakuwa na kinyongo, mkwe wangu."

Alikwenda kukaa na wanaume. Mwanahamisi akamsogelea Feza mpaka mabega yakagusana.

"Umesikia? Mungu amekupa kisu, na mpini uko mkononi mwako. Tia konzi tatu kama siku zote. Nani atakulaumu? Desturi njo desturi. Kesho tunauza sisi peke yetu."

"Na chakula cha mtoto wangu?"

"Watakula wali mtupu. Hakuna aliyekufa kwa wali mtupu."

Halima alichungulia mlangoni, mikono imejaa hina. "Mama, tia ile yetu tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Feza alisema. "Rudi ndani, hina itachafuka."

Alinawa. Wanawake wakaacha kutwanga. Aliingiza kidole ndani ya gunia, na mbele ya macho ya watu wote akakipeleka ulimini.

"Feza anaonja!" mmoja alipiga kelele.

"Leo mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu," mwingine akasema, na kicheko kikapita uani.

Feza hakucheka. Alifumba macho. Alitafuta ule uchungu wa mwisho wa ulimi, hakuupata. Alikuta ukali safi, ulionyooka, usio na moshi ndani yake.

"Hii ina nguvu kuliko yangu," alisema. Aliyasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wanaume. "Na ninyi mlitia konzi tatu? Mlikuwa mnapika harusi au mnakausha samaki?"

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na wapishi wa ile harusi ya kwanza walificha nyuso kwa khanga.

Alitia nusu konzi. Akaomba mwiko, akakoroga, akaonja. Akaongeza kidogo kwa ncha za vidole, akaonja tena, kama mwali anayefundishwa jiko. Kisha akafunika chungu.

"Umetuzika," Mwanahamisi alisema.

"Nimepika."

"Na moshi wote tuliokula? Miaka yote ile?"

"Moshi ule njo ulifundisha ulimi huu. Ulidhani nimejifunza chumvi ili siku moja niharibie watu chakula?" Feza alifuta mikono. "Kiangazi kijacho hatutakwenda visiwani, ndugu yangu. Ninajua. Nimejua tangu kidole kilipogusa ulimi. Lakini mtu asiseme kwamba mkono huu ulidanganya."

Mwanahamisi aliondoka, akaenda kukaa mbali, mgongo umegeuzwa.

Watu walikula. Mwanzoni walimega kwa woga, wakitazamana. Kisha sauti zikapungua, ikabaki sauti ya vidole na sinia. Bulaimu aliomba mchuzi mara ya pili, na mara ya tatu hakuomba, alijipakulia. Ndani, Halima alisikia wifi zake wakiulizana ni nani aliyepika, na akawajibu kabla hawajamaliza kuuliza: "Mama yangu. Mama yangu huyo!"

Jua lilipoanza kushuka, wanawake walikuja mmoja mmoja pale Feza alipokaa na gunia, viganja wazi. "Tuonyeshe, dada. Kiasi gani?"

Hakuwaambia kwa maneno, kwa sababu mikono haifanani. Alishika kila kiganja, akaweka chumvi, akakifunga, akamwambia mwenyewe ahisi uzito wake. Huyu alimwongezea, yule akampunguzia. Walikuwepo na wageni waliotoka kijiji cha Tunda, nao wakasema watawapelekea wengine kipimo hicho.

Wa mwisho alinyoosha mkono tu, mweusi kwenye mikunjo kwa majivu ya miaka, huku akitazama pembeni.

"Wako ni mukubwa," Feza alisema, akikishika kiganja cha Mwanahamisi kwa mikono miwili. "Wewe utatia robo."

"Robo!" Mwanahamisi alisema. "Bado unanionea." Lakini alifunga vidole, akaupima uzito, na hakuondoa mkono wake.