Duara la Chuma la Kwezinga

Wanawake wa Kwezinga walikuwa wakipanga kabichi kwenye matenga lori lilipoleta masanduku ya vyuma. Ilikuwa 1975, mwaka uliofuata ule ambao watu walishushwa kutoka mlimani na kupangwa katika kijiji cha ujamaa bondeni. Kijiji kiliomba waya wa kuteremshia kabichi barabarani. Wafadhili walileta reli ya bembea ya Kizungu, ile ambayo kigari hupanda, huzunguka duara kichwa chini miguu juu, kisha hurudi kilipoanzia. Mwenyekiti Ramadhani alisema kitu cha bure hakirudishwi. Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikapigwa, kijiji kizima kikaifunga reli kwa mikono, nati kwa nati.

Kabichi zilizopakiwa kigarini zilimwagika zote. Watu hawakumwagika, kwa sababu walifungwa mkanda. Juu ya duara kigari kilisimama kidogo, na kila abiria alijikuta uani kwake kwa zamani, kwenye nyumba iliyochomwa ili asirudi. Nyumba ilikuwa nzima. Mtu alishuka, akafanya shughuli zake, akapanda tena. Wengi walikata ndizi, maana migomba ya bondeni ilikuwa bado haijazaa.

Efrazia alikwenda kupalilia kaburi la bintiye. Mtoto alizikwa migombani siku chache kabla ya watu kuhamishwa, na mama hakupewa hata nafasi ya kuaga. Huo ulikuwa ukatili, wauite operesheni au wauite maendeleo.

“Mwenyekiti, naomba nirudi kwangu,” alisema. “Nikae karibu na mwanangu.”

“Mama, kule hakuna makazi. Tumeshatoa taarifa wilayani.”

“Mbona jana nimetoka huko na mkungu?”

“Mkungu nimeuona. Lakini taarifa imeshakwenda.”

Ramadhani naye akapanda. Juu alimkuta marehemu baba yake akinoa panga. Akamwamkia shikamoo, akapewa ndizi, akaulizwa ni nani aliyechoma nyumba za jirani. Aliporudi alizimaliza zile ndizi, kisha akaagiza reli ing’olewe, vyuma vitumike kujengea daraja.

Jioni hiyo Efrazia alipanda. Kigari kilirudi kiti kitupu, mkanda umefungwa.

Siku ya kung’oa, watu walisikia jembe lake juu ya duara. Mdogo wake Jenoveva, spana mkononi, akaita:

“Dada! Tukiliondoa duara hili utashukaje?”

“Nishuke niende wapi, Jeni? Mimi nipo kwangu.”

Jenoveva akalia mbele ya watu wote. Mwenyekiti akasema duara ndilo litangulie, na asiyefungua sehemu yake atatozwa faini ya kuku. Jenoveva akafuta macho kwa kanga, akafungua. Nati ya mwisho ilipotoka, jembe halikusikika tena.

Daraja lilitoka imara. Kila msaragambo jina la Efrazia liliitwa, Jenoveva akajibu kwamba dada yake yuko nyumbani, na mwenyekiti akaagiza aandikwe mtoro.