Kadi Niliyobadilishana na Makanika

Haya yote ni kweli tupu. Nikiongeza hata nukta, ninyang'anywe redio mwaka mzima.

Nilipostaafu posta, mke wangu alivumilia wiki mbili kuniona sebuleni, kisha akanipeleka mwenyewe kwenye kikosi cha uokoaji cha mtaa, watu wa kujitolea. Kiongozi wetu ni nesi, binti wa mdogo wangu. Nyumbani ananiita baba mkubwa na kunipokea mkoba. Kikosini ananiamrisha kama mwanafunzi mchelewaji.

Jumamosi ile tulifanya zoezi la moto kwenye shule ya ghorofa tatu yenye ngazi za nje. Tukimaliza, nesi angechagua watakaopewa vizibao vya reflekta, yaani watakaoitwa siku ya balaa lenyewe. Reflekta ile niliitaka kuliko pensheni. Tatizo magoti. Kushuka ngazi yanagoma, na nesi hajui.

Tulioigiza majeruhi tulipelekwa ghorofa ya juu, tukavishwa kadi shingoni. Kijani, shuka mwenyewe. Nyekundu, unabebwa wa kwanza. Mimi nikapewa kijani. Pembeni yangu makanika mmoja wa kikosini, kilo mia na ushee, kalazwa na nyekundu yake, miguu yote miwili imefungwa mbao. Alikuwa anatetemeka kweli, maana wiki iliyopita wabebaji waliangusha machela yenye magunia ya mchanga. Nikamnong'oneza tubadilishane. Hakuniuliza mara mbili.

Nikabebwa. Niliumwa kwa ustadi mkubwa, nikakoroma, nikaaga dunia kidogo, nikarudi. Mbebaji mmoja akatokwa machozi. Sawa, lilikuwa jasho. Uwanjani wakanikata suruali kwa mkasi kutafuta jeraha. Nikavumilia kishujaa.

Ndipo makanika akaonekana ngazini, miguu imekakamaa, anateremka kwa makalio kipandio kwa kipandio, kadi ya kijani kifuani.

Nesi akatutazama kwa zamu. Hakupandisha sauti.

"Baba mkubwa, ungekuwa moto wa kweli, huyu angebaki juu. Ulichukua nafasi yake kwa nini?"

Nilikuwa na majibu matano, yote matamu. Lakini makanika alikuwa anahema, viganja vimechubuka, damu isiyo ya kuigiza.

"Magoti," nikasema. "Hayashuki ngazi."

"Panda. Halafu ushuke nione."

Kikosi kizima kikasimama chini kutazama. Nikashuka kiubavu, mikono yote miwili kwenye chuma, suruali inapepea. Makanika, aliyekwisha kufunguliwa mbao, akaja kunitangulia kinyumenyume, mikono tayari kunidaka. Sijafika hata ghorofa ya pili, nikamwona nesi akikata jina langu kwenye orodha ya reflekta. Nikasimama.

Akaniambia niendelee kushuka.