Alier Atoka Kwenye Wimbo

Wafula alikuwa akiipaka CD ya Nyanut dawa ya meno. Aliminya kidogo kwenye kipande cha fulana kuukuu, akasugua kutoka katikati kwenda pembeni bila kuzungusha, akaisuuza kwa maji ya chupa, kisha akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Mikwaruzo ilikuwa imepungua. Lakini ule utando wa rangi ya fedha ulikuwa ukibanduka, na ugonjwa huo dawa ya meno haiutibu. Mwanga ulipita kwenye vitobo vidogo na kumchoma machoni.

"Itasoma?" Nyanut aliuliza.

"Mara moja itasoma, dada. Ya pili siahidi."

"Basi hiyo moja uifanye poa. Weka kiwango cha juu kabisa. Sitaki zile nyimbo zako za simu zinazolia kama mbu kwenye kopo."

"Tulia. Hii naifanya kama ya mama yangu."

Duka lilikuwa Nyakuron, mtaa wa Juba, chumba cha mabati chenye kompyuta moja, kipaza sauti kimoja na benchi. Ulikuwa mwaka wa tatu wa amani, na watu waliokuwa wakirudi kutoka uhamishoni walirudi na CD zao, wakataka nyimbo zihamishiwe kwenye simu. Kadi za simu zilikuwa ndogo. Kwa hiyo Wafula alizoea kubana nyimbo kwa kiwango cha chini, kilobiti mia moja ishirini na nane, ambapo programu hutupa kile ambacho sikio halitakitafuta: sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. Kilichotupwa kiliangukia nyuma ya kompyuta, naye alikifagia asubuhi: vikohozi, mlio wa kiti kilichosogezwa, mguno wa mpiga gitaa. Siku moja alidondoka jogoo aliyekuwa amewika nje ya studio fulani ya Kampala. Kisakye, Mganda aliyekaanga chapati mlango wa pili, aliomba apewe.

"Mimi iko na kuku tatu, bwana yao hakuna," alisema, akamtia jogoo kwenye ndoo, akaenda naye.

CD hii ilikuwa ya kwaya ya kambi ya wakimbizi kule kaskazini mwa Kenya, alikokulia Nyanut. Kaka yake, Alier, aliimba besi, safu ya nyuma, karibu na ngoma kubwa. Alasiri ile ile waliyorekodi, Alier alipotea. Akot, kiongozi wa kwaya, aliiambia familia kwamba kijana alivuka mpaka kwa hiari yake kwenda vitani, hata kwaheri hakutaka kuaga. Picha yake haikuwepo. Mama yao alikuwa ameanza kumchanganya na mjomba wake, na wiki iliyopita aliuliza kama kweli alizaa mtoto wa kiume. Kilichobaki cha Alier kilikuwa ndani ya sahani hii iliyokuwa ikibanduka.

Akot sasa alikuwa mudir, bosi mwenye ofisi yenye kiyoyozi huko Thongpiny. Kiwanja chenye duka la Wafula na jiko la Kisakye kilikuwa chake. Kwa hiyo jina lake lilipotajwa dukani, watu waliangalia kwanza barabarani.

Wafula aliiingiza CD. Wakati huohuo jenereta ya hoteli ya jirani, iliyomuuzia umeme, ilianza kukohoa. Taa ilififia, ikarudi. Ikafifia tena.

"Wafula, itazima!"

"Haizimi."

"Inazima, angalia!"

Umeme ukikatika katikati ya kusoma, yote yameisha. Akabonyeza haraka, na kidole kikaenda pale kinapokwenda kila siku. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini. Mstari ulipofika mwisho, Wafula aliona namba iliyoandikwa chini yake: mia moja ishirini na nane.

Aliitoa CD. Utando wote ulikuwa umebaki ndani ya mashine kama magamba ya samaki, na mkononi alikuwa na kioo kitupu. Alimwona Nyanut kupitia kioo hicho. Nyuma ya kompyuta, kijana mwenye shati jeupe la kwaya alikuwa sakafuni akijaribu kusimama.

"Alier," Nyanut alisema. "Inuka taratibu, hapo kuna waya."

Kijana aliinuka. Alikuwa na umri ule ule wa siku ile, kwa hiyo sasa dada yake mdogo alimzidi miaka. Nyanut alimpangusa vumbi mabegani. Alikuwa mwepesi, mkono ukimgusa unahisi shati tu.

"Nisamehe, dada," Wafula alisema. "Nimebonyeza ile ya simu."

"Umemtoa kwenye wimbo."

"Nimemtoa."

"Na kumrudisha?"

Wafula alimwonyesha kioo. Nyanut aliketi kwenye benchi, akampisha kaka yake nafasi. Alipomsemesha, hakujibu. Alier alikuwa na kile tu kilichotupwa, na kilichotupwa hakikuwa na mazungumzo. Ndipo Wafula alipocheza faili. Kwaya iliimba, nyembamba, bila kitu chini yake, na pale besi ilipopaswa kuingia, Alier alifungua kinywa akaimba. Nyanut alifumba macho.

Kwenye ubeti wa pili, ngoma ilipopigwa kwa nguvu zaidi, kitu kingine kilisikika sakafuni karibu na soketi. Ulikuwa mnong'ono wa mwanamume, kwa Kiarabu cha Juba, ambacho Wafula alikuwa amejifunza sokoni. Ulisema: "Mpwa wangu mwacheni. Mchukueni yule wa karibu na ngoma. Wimbo ukiisha tu."

Wimbo ulipoisha, Kisakye alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga.

"Hii si sauti ya mudir? Ile ya kodi?"

"Ni yeye," Nyanut alisema.

Wafula alichukua ufagio. Alifagia karibu na soketi, akafagia chini ya benchi, lakini mnong'ono ulikuwa umehamia miguuni pa Alier, na Alier akisogea nao ulisogea.

"Acha," Nyanut alisema. "Utamuumiza."

"Dada, yule mtu akipita hapa nimekwisha. Nina wazazi Bungoma wananitegemea mimi."

"Na mimi nina nini?"

Kisakye alipendekeza waongeze sauti ya redio kila siku mpaka mudir achukue kodi ya mwezi. Walikuwa bado wakibishana redio ipi ina kelele zaidi, gari kubwa jeupe liliposimama nje na Akot akainama kuingia mlangoni. Alikuwa amesikia kwamba wimbo wa kwaya yake umeletwa Nyakuron. Alitaka uchezwe Jumamosi kwenye hafla ya kuwashukuru waliojitolea wakati wa vita.

"Karibu, mudir," Wafula alisema.

"Nisikie."

Wafula alitafuta sababu ya kukataa. Aliangalia taa, lakini jenereta ilikuwa imepona. Akaucheza wimbo. Akot alisikiliza wote, kichwa kimeinama upande, macho kwa Alier. Mnong'ono ulipopita, hakukunja hata uso.

"Ni mimi," alisema mwishoni. "Siku ile nilikuwa na mafua, ndiyo maana sauti imekwaruza. Hayo maneno yamo kwenye faili?"

"Hayamo, mudir. Yametupwa."

"Kwais, vizuri. Na besi?"

"Nayo imetupwa."

Akot alifikiri. "Bila besi wimbo umepwaya. Mleteni na yeye Jumamosi. Mfulieni shati."

Nyanut alifua shati. Wafula alimuuliza kwa nini anakubali, naye akasema kwamba ukumbini kutakuwa na watu wengi, na watu wengi wana masikio mengi.

Jumamosi ukumbi wa Nyakuron ulijaa mpaka nje. Wafula alikaa kwenye meza ya mitambo. Aliomba umeme ukatike, kisha akaomba usikatike, maana hakujua lipi lingemtia matatani zaidi. Wimbo ulianza. Alier, kando ya jukwaa, aliingia palepale panapomstahili, na besi yake ikatikisa viti vya plastiki. Kisha mnong'ono ulishuka jukwaani, ukapita safu kwa safu, ukisema wazi ulichokuwa ukisema. Mama mmoja aliusogeza mkoba wake ili upite. Mpwa wa Akot, ambaye sasa alikuwa na tumbo na saa ya dhahabu, alikuwa safu ya mbele. Alitazama viatu vyake. Mtoto aliuliza kwa sauti ni nani anachukuliwa, akaambiwa anyamaze watu wanaimba.

Walipiga makofi kwa muda mrefu. Akot alizungumza juu ya kujitolea, akashuka, akampa Alier mkono.

"Sauti nzuri sana. Ulikuwa wapi miaka yote hii, kijana?"

Alier alinyamaza, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeisha.

"Alikuwa pale ulipompeleka," Nyanut alisema.

Watu waliokuwa karibu walisikia. Wafula aliwaona wakigeuza vichwa. Akot aliendelea kuushika mkono wa Alier kidogo, kama anayeupima uzito.

"Kalas, basi," alisema. "Karibuni chakula, mbuzi wapo wa kutosha." Akageuka kumsalimu mgeni mwingine. Watu wakaanza kupanga foleni na sahani.

Wafula alichomoa nyaya, akabeba kipaza sauti begani, akawasindikiza Nyanut na kaka yake nyumbani. Mama yao alikuwa ameketi kitandani. Alimgusa Alier shavuni, akamwita kwa jina lake, akaomba aimbe. Wafula alicheza faili kwenye simu ya Nyanut. Mama alitikisa kichwa kwa besi, mdomo ukifuatisha maneno. Mnong'ono ulipopita mbele ya kitanda alitulia, akausikiliza mpaka mwisho.

Kisha alimwambia Nyanut atafute viti viwili, kimoja cha Alier na kimoja cha huyu anayenong'ona, maana naye kumbe sasa anaishi hapa.